Rekasheni: cha kuogopwa ni kina, si mwito

Wanaojifunza kuandika programu huonywa mapema kuhusu rekasheni, yaani fanksheni inayojiita yenyewe: ni nzito, tumia lupu, yaani amri zinazorudiwa kwa mzunguko. Onyo hili ni la zamani. FORTRAN ya mwanzo, lugha ya zamani ya programu, haikuiruhusu kabisa, na iliingia rasmi kwenye kanuni za lugha hiyo katika Fortran 90, ingawa lugha nyingine, ALGOL 60, ilikuwa imeikubali miaka 30 kabla. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Guy Steele aliandika makala akipinga imani kwamba mwito wa fanksheni ni ghali kwa asili yake. Kwake, kosa lilikuwa la kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) zilizoutafsiri vibaya. Naamini alikuwa sahihi, ila hoja yake inamaliza nusu tu ya mjadala.

Tuuchunguze mwito wenyewe. Kwenye Linux na prosesa za x86 za biti 64, hoja (thamani inazopewa fanksheni) sita za kwanza za namba kamili hupitishwa ndani ya rejista, vihifadhi vidogo vya prosesa yenyewe, bila kugusa kumbukumbu. Anwani ya kurudia huwekwa kwenye staki, eneo la kumbukumbu ambamo miito hupangwa mmoja juu ya mwingine, ambalo sehemu yake ya juu kwa kawaida tayari imo kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa), na prosesa hukisia mapema mahali pa kurudi. Fanksheni ikiwa fupi, mara nyingi kompaila hupachika mwili wake pale pale inapoitwa, na mwito ukatoweka kabisa.

Basi ule mfano maarufu wa Fibonacci, mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, unaotumiwa kila mara kuishtaki rekasheni? Ukiiandika kanuni yake kama ilivyo vitabuni na kutafuta namba ya 40, fanksheni huitwa mara 331,160,281. Ni kweli programu itachelewa. Lakini inachelewa kwa kuwa inakokotoa majibu yale yale upya, tena na tena. Yahifadhi majibu hayo, na miito itabaki chini ya mia moja, rekasheni ikiwa palepale.

Wanaoipinga wana hoja nzito zaidi, nayo ni kina, yaani idadi ya miito iliyo wazi kwa pamoja. Kila mwito ambao haujarudi unashikilia fremu yake, yaani sehemu yake ya kumbukumbu, kwenye staki. Kwa kawaida programu kuu kwenye Linux hupewa staki ya MB 8, na kwenye Windows MB 1. Chukua orodha yenye viungo milioni moja, kila kimoja kikielekeza kwa kinachofuata, uipitie kwa rekasheni yenye fremu ya baiti 48: unahitaji takriban MB 48, na programu inaanguka kabla ya kufika mwisho. Mti, yaani data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili, wenye nodi (vipande vya data) milioni moja vilevile, ukiwa na mizani, una kina cha ngazi 20 hivi. Hapo sioni sababu yoyote ya kuikwepa rekasheni, maana anayeandika lupu atalazimika kujitengenezea staki yake mwenyewe, na msimbo utakuwa mgumu kusomeka.

Watetezi hujibu kwamba kompaila huondoa tatizo. Mwito ukiwa tendo la mwisho la fanksheni, kompaila za GCC na Clang, zikiagizwa kuboresha msimbo kwa -O2, kwa kawaida huugeuza kuwa mruko wa kawaida kwenda mwanzo wa fanksheni, na fremu hazirundikani. GCC hufika hata kwenye faktoria, ambako bado kuna kuzidisha baada ya mwito. Ni kazi nzuri, lakini siwezi kuitegemea. Kanuni za lugha ya C haziahidi jambo hili, na katika C++ kitu kinachosubiri kufutwa baada ya mwito kinaweza kulizuia bila wewe kutambua. Msimbo ule ule ukikompailiwa bila uboreshaji, ili kutafuta hitilafu, unaweza kuanguka. Lugha ya Scheme imeligeuza jambo hili kuwa sharti. Clang nayo ina alama ya musttail: kompaila itekeleze, au itoe kosa. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini, hata kama fremu zinazofutwa huacha pengo unapofuatilia miito iliyokufikisha kwenye hitilafu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni programu zinazosoma data ya watu wasiojulikana. Kisoma JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) kilichoandikwa kwa rekasheni, kikipewa mabano 100,000 yaliyofunguliwa moja ndani ya jingine, kinaweza kumaliza staki na kuiangusha seva nzima. Dawa yake ni hoja moja ya ziada katika kila mwito, inayohesabu kina, na kuikataa data inayovuka kikomo. Hoja hiyo nayo hupita ndani ya rejista.