Mwacheni Mkongomani na mkia wake

Juzi makala yangu imerudi kutoka kwa mhariri mmoja ikiwa imenyolewa. Kila nilipoandika "Wakongomani" kaweka "Wakongo", na pembeni kaniachia somo la bure: tuzingatie Kiswahili sanifu, hiyo -mani ni ya mtaani. Ahsante, mwalimu. Na Mjerumani naye tumkate mkia abaki Mjeru?

Mkongo ni mtu wa kabila la Wakongo, ana kwao. Ana Kikongo chake, ana ufalme wake wa kale ambao mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Wakoloni walipochora mipaka walimpasua vipande: yupo Angola, yupo Kongo zote mbili. Sasa mchukue Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza pale Kinshasa mwaka 1960. Huyo ni Mkongo kwa kabila na Mkongomani kwa uraia. Waziri mkuu wake, Patrice Lumumba, alikuwa Mtetela. Mkongomani hadi kifo, lakini Mkongo hakuwa hata siku moja. Njoo kwa Holden Roberto wa FNLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola, Mwangola: Mkongo huyo, wala si Mkongomani. Futa zile herufi nne, wote watatu unawatia kapu moja. Halafu unaniambia ndiyo usanifu!

Mama yangu ni Mfuliiru wa Uvira. Ukimwita Mkongo umemng'oa kando ya Ziwa Tanganyika ukamtupa huko mto unakoingia Atlantiki, kwa watu ambao hata salamu yao haijui.

Haya, nakubali, shingo upande: Mkongomani nalo halikuambii kama mtu ni wa Kinshasa au wa Brazzaville, miji inayotazamana mtoni kama majirani waliogombana. Hapo taja mji, yaishe.

Na Mzaire msiniletee. Mwaka 1971 Mobutu alitaka jina la asili, la Kiafrika hasa, akaenda kuokota neno ambalo Wareno walilipata kwa kushindwa kutamka nzadi, yaani mto. Nchi Zaire, mto Zaire, na hela ilikuwa zaire tayari. Wazee wa dansi wa Dar wanaosema "Wazaire" wakikumbuka bendi zao nawasamehe, maana ndilo jina wanamuziki wale walilokuwa nalo enzi hizo. Wengine mna kisingizio gani?

Makala nimeirudisha na -mani zake zote. Kabla ya kuituma nilimpigia mama, nikamsomea maneno ya mhariri. Mama kazaliwa 1962. Oktoba moja alilala Mkongomani akaamka Mzaire, na mwaka 1997 akarudishiwa jina lake, mara zote mbili bila kuulizwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umuambie ule muzee, mimi balishanibadilisha jina mara mbili. Nimechoka."