Mwambie avue leso, umguse

Jumamosi nikiwa kwenye foleni ya kemisti huku Kayole, mama mmoja mbele yangu aliomba dawa ya kidonda cha kitovuni. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho. Alichomoa tyubu ya krimu ya fangasi, akasema, "Mia mbili." Nilimfuata yule mama hadi nje. Hanijui, simjui, lakini nilishindwa kunyamaza.

Shangazi yangu alipaka krimu ya aina hiyo miezi minne. Kinundu chake cha kitovuni kilikuwa kigumu kama punje ya mahindi makavu, rangi ya zambarau, na majimaji yake yaliacha doa kwenye kila leso. Kliniki ya kwanza walisema fangasi. Ya pili, ngiri. Kote huko hakuna aliyemlaza kitandani akamgusa! Tumbo lilipojaa maji ndipo daktari mmoja alipokata kipande akakipeleka maabara. Saratani ya ovari, na ilikuwa imeshaenea.

Kinundu hicho kina jina la mtawa muuguzi, Sista Mary Joseph wa Rochester, Marekani. Alikuwa msaidizi wa daktari mpasuaji William Mayo, na kazi yake ilikuwa pamoja na kuwasafisha wagonjwa tumbo kabla ya upasuaji. Hapo ndipo alipogundua kwamba wenye uvimbe kitovuni mara nyingi hukutwa na saratani iliyosambaa tumboni. Mayo aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1928. Sista hakuhitaji mashine, alihitaji kumfunua mgonjwa na kumtazama.

Najua, vidonda vingi vya kitovu si saratani, na kinundu hiki kikitokea ugonjwa huwa umekwenda mbali. Sawa. Lakini miezi minne ni mingi kwa mtu anayeumwa na tumbo asijue kwa nini.

Na si kitovu tu. Mtu mzima anayekonda huku shingo na makwapa yakigeuka meusi na mazito ghafla, au viganja vikipata mikunjo kama matumbo ya ng'ombe buchani, asiishie kwenye sabuni na losheni. Mara nyingi weusi wa shingo ni mambo ya sukari au unene, ila tumbo nalo lichunguzwe, isije ikawa saratani.

Yule mama alinifunulia pembeni ya kibanda cha mboga. Sijui ni nini, mimi si daktari. Jumatatu asubuhi namsindikiza, na ombi langu kwa daktari ni moja: avae glavu, akiguse.