Mjomba alilaza bomba mpaka Dar, grili la Mzee likamshinda

Jamani wenye mitungi ya gesi majumbani sogeeni hapa niwasimulie kilichotukuta kwetu Mikindani, Mtwara, siku washenga walipokuja kumposa dada yangu, na yule mshenga mmojawapo kama anasoma anisamehe, kofia yake tumeitafuta sana hatujaiona.

Iko hivi. Mzee wangu ana grili la gesi. Alilinunua Shangani kwa mzungu mmoja wa mambo ya utafiti wa gesi aliyekuwa anafunga virago, enzi zile Mtwara imechangamka kila mwenye chumba anataka kodi ya dola. Bana nne (zile bomba za kutolea moto), mfuniko mzito, kabati kwa chini la kuweka mtungi, akalileta kwa kirikuu limefunikwa shuka mtaa mzima ukatoka kuangalia. Sasa Mikindani bahari iko mlangoni na chumvi haina huruma, magurudumu yakaoza tukaweka matofali, kitufe cha cheche kikafa, bana zikaliwa na kutu mpaka ukichungulia unaona nyasi za upande wa pili. Vijana wa skrepa kila wakipita na mizani yao Mzee anawafukuza, ati hilo la ukoo, nikifa mtarithishana. Mikorosho anayo wala hajawahi kuisemea chochote, ila grili ndo lina wosia!

Basi posa ilipokaribia Mzee akatangaza pweza na kuku wa wageni vitachomwa kwenye grili. Bi mkubwa akasema mkaa upo gunia zima. Hakujibiwa.

Akaitwa fundi wa kuchomelea, bana mbili zilizokufa kabisa akazibadilisha kwa vipande vya bomba la maji kavitoboa matundu kwa drili, zile mbili nyingine akasema bado nzima akazipiga brashi ya waya kwa nje. Mi nikatumwa mjini kuleta mpira mpya na regileta, maana mpira wa zamani panya walishaufanya chakula cha usiku. Nikafunga, nikakaza klipu, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio kuangalia kama inavuja, hamna hata puto moja. Mpaka hapo mambo safi kabisa.

Tatizo likashuka kwenye bajaji Jumamosi asubuhi, limevaa kanzu. Mjomba.

Msiojua kusini niwaambie, huku mjomba ndo mwenye sauti kwenye kumuoza mpwa wake, baba unaweza ukawa na nyumba na grili lako lakini mjomba asipotia neno hamna ndoa. Halafu huyu wa kwetu alipata kibarua cha kuchimba mtaro kipindi bomba la gesi linalazwa kwenda Dar, lile lililokamilika 2015, kilomita 542, na ukimsikiliza utadhani zote kachimba yeye na jembe lake. Toka hapo kwenye mambo ya gesi huwezi kumwambia kitu.

Washenga wakaingia, watatu, mmoja mzee sana wa mkongojo. Wakakalishwa kwenye mkeka chini ya mwembe, mkubwa wao akaanza kwa adabu zote, "tumesikia humu ndani kuna jiko, kijana wetu amechoka kula kwa mama ntilie." Mzee wangu masikio yake ya kubahatisha siku hizi, akaruka, "Jiko haliuzwi! La urithi hilo! Ila litawashwa sasa hivi mlione." Bi mkubwa akajifunika uso na kanga.

Mjomba akapokea kazi. Akafungua mtungi, akafungua bana zote nne, halafu kiberiti hakionekani. Kiberiti kikatafutwa, huyu kamuuliza huyu, mtoto katumwa dukani, na muda wote huo Mjomba kaufunga mfuniko ati upepo wa bahari usipeperushe gesi. Shangazi akasema mbona kunanuka yai viza? Mjomba akacheka. "Gesi nyepesi hiyo dada, inapanda juu inaenda zake, mi nimeilaza mpaka Dar."

Na hapo ndo kichekesho chenyewe, maana Mjomba hakusema uongo. Gesi ya Mnazi Bay, hii ya kwetu Mtwara inayosafishwa Madimba na kupita kwenye bomba lake, ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa. Lakini ya kwenye mtungi siyo hiyo! Ya mtungi inakuja na meli kutoka nje, na yenyewe ni nzito kuliko hewa, inashuka chini inakaa inasubiri. Watu wa Mtwara tumekalia gesi yetu halafu tunapikia ya wenzetu, ila hiyo mada ya siku nyingine. Siku ile ilikuwa imejaa kwenye kabati, kwa sababu (tumekuja kuona baadaye) kwenye koo la bana moja ile "nzima" nyigu walishajenga nyumba ya udongo, gesi ikikosa njia ya mbele inarudi nyuma inatokea kwenye tundu la hewa karibu na swichi.

Mtoto akarudi na kiberiti. Mjomba akainama, akainua mfuniko kidogo, akawasha.

BUUUUH!

Asee. Mfuniko ulikwenda mpaka banda la bata la jirani. Pweza mmoja alionekana baadaye juu ya bati. Yule babu wa mkongojo alikuwa wa kwanza kufika barabarani, mkongojo kauacha kwenye mkeka, kumbe mbio anazo. Mi nikafunga mtungi mikono inatetemeka, na kwa bahati moto wenyewe ulikuwa mmoja tu ukaisha.

Mjomba kasimama palepale, nyusi hana, kope hana, ndevu upande mmoja. Napiga kelele mwagieni maji ya baridi, maji dakika 20, shangazi kishamkamulia tyubu nzima ya dawa ya meno usoni, ikabidi tumuoshe upya huku anagoma ati posa haijaisha. Akarudi kukaa mkekani vilevile, uso una mabaka meupe kama lipiko, kile kinyago cha ngoma ya Wamakonde, limetoka porini, akataja mahari.

Washenga hata hawakubisha. Wanaangalia chini tu, kila akitaja kitu wanasema sawa mjomba, sawa, mbuzi sawa, kitenge cha bibi sawa. Sijawahi kuona posa imekwenda haraka vile.

Wanaanza kuinuka Mzee akawazuia, anafuta masizi kwenye grili na kanzu yake. "Hili halijafa, ni bawaba tu na kuwatoa nyigu. Nimeamua, binti akiondoka anaondoka nalo, libaki kwenye familia."

Washenga wakaangaliana. Mkubwa wao akameza mate. "Mzee, tunashukuru sana, ila hilo bakini nalo. Mahari tutaongeza."

Mjomba akafuta dawa ya meno kwenye jicho. "Mtaongeza shilingi ngapi?"