Kaiti ya mawimbini ipimwe kamba zikilegea

Kila kusi likianza kuvuma, haipiti wiki bila kijana kunijia na simu mkononi. Ananionyesha picha ya kaiti ya mtumba, lile tanga la kumvuta mtu juu ya ubao majini, ambayo mgeni fulani anataka kuiacha kabla hajapanda ndege, kisha swali ni lile lile: "Kaka, hii ina nguvu?" Nami namuuliza: unakwenda kuirushia ndani ya mwamba au nje?

Kwetu Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hilo si swali dogo. Mwamba umekaa mbele ya ufukwe kama ukuta, unayavunja mawimbi kabla hayajatufikia. Maji ya ndani hubaki matulivu, na yakikupwa huwa bapa kama sinia. Sote tumejifunzia hapo, tukikwepa vigingi vya mwani vya mama zetu, ambao wamelima pale tangu 1989, miaka mingi kabla ufukwe haujajaa kaiti. (Ukiangusha kaiti yako juu ya shamba la mtu, shuka, omba radhi, na ukaifuate kwa miguu. Usiiburute.)

Kwa vile tumejifunzia kwenye maji tulivu, tumezoea kuisifu kaiti kwa jambo moja tu, kuvuta. Na ndani ya mwamba ni sawa. Unaegemea nyuma, ukingo wa ubao unakata maji, kamba zimekaza kama nyuzi za udi, kaiti inakaa pale ulipoiweka. Ukitaka kuruka, unaipandisha juu kwa ghafla, unakanyaga ukingo, unavuta baa (kijiti cha mkononi cha kuiongozea), umekwenda. Kaiti ndefu nyembamba yenye mbavu tano (mirija ya upepo inayokipa kitambaa umbo) hapo ni raha tupu: haiyumbi upepo ukija kwa vishindo, inabisha vizuri kwenda upepo unakotoka, na ukiwa hewani inakushusha taratibu.

Nje ya mwamba hesabu inageuka. Ukishalipanda wimbi, anayekusukuma ni wimbi. Upepo wa kusi kwetu unapita kando ya ufukwe huku ukielemea nchi kavu, kwa hiyo ukiteremka na wimbi unaikimbilia kaiti yako mwenyewe. Kamba zinalegea. Kaiti ni tanga, inaishi kwa upepo unaoipita usoni, na wewe umeiachia ghafla bila kuivuta. Katika sekunde mbili hizo ndipo utajua ulinunua nini. Kaiti fupi pana ya mbavu tatu, nyepesi, inarudi nyuma pamoja na upepo, uso bado wazi, inakungoja. Ile ndefu inakimbilia mbele, inapita mahali pake, inakunjika tumbo na kuanguka kama popo aliyepigwa jiwe.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilikuwa na kaiti ya mita 9 za mraba, mbavu tano, niliyokuwa najivunia nayo kila jioni mbele ya watalii. Siku moja ya bamvua, mwezi wa saba, nikatokea kwenye mlango wa mwamba na kwenda nje. Wimbi la kwanza nililipata. La pili pia. La tatu lilikuwa kubwa, likanipa kasi ambayo sikuizoea, nikaona kamba zimejikunja mbele yangu kama tambi, na kaiti ikalala chali juu ya maji. Wimbi lililofuata likaivunjikia. Nilisikia ule mlio, sawasawa na muuza duka anapopasua doti ya kanga. Kitambaa kilichanika kutoka ubavu wa pili hadi ukingo wa nyuma, kamba moja ikanizunguka kifundo cha mguu. Nikafungua kifyatuo cha dharura, nikamshukuru Mungu kwamba kilifunguka.

Aliyeniokota ni mzee mvuvi aliyekuwa anarudi na ngalawa. Nikamwamkia nikiwa bado natema maji. "Marahaba, mwanangu," akasema, akiliangalia lile tambara nililokuwa nalivuta. "Sisi wimbi likitubeba tunalegeza kamba ya demani, tanga lipumue. Hili lako halijui kupumua?"

Nimekwishasoma maelezo mengi ya watengenezaji, na sijaona aliyesema vizuri zaidi ya hapo.

Kuna mengine mawili, ingawa kwangu hayafikii hilo la kulegea. Moja ni kugeuka. Wimbi halikungoji. Unashuka, unakunja chini, unapanda tena, na kaiti lazima iwe imebadili upande papo ilipo, bila kuchora duara kubwa linalokung'oa kwenye ubao. Ndiyo maana wakati wa kaskazi, upepo ukiwa mwepesi na mimi nikalazimika kurusha mita 12, sihangaiki kwenda nje. Inageuka kama jahazi. La pili ni kuinuka majini. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliposajili ugunduzi wao mwaka 1984, ile mirija ya kujazwa upepo ilikuwa na sababu hiyo hasa: tanga lielee likianguka, na liweze kuruka tena. Ndani ya mwamba ukichelewa kuliinua unachekwa tu. Nje, wimbi linalofuata ndilo hilo linakuja.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua kuna walimu wenzangu hapa ufukweni wasioupenda: mwenye uwezo wa kununua kaiti moja tu anunue ya mbavu tatu. Wanasema haina nguvu, ukisukuma baa mbele inakufa. Lakini kufa huko ndiko ninakokutaka! Ndani ya mwamba itakunyima urefu kidogo wa kuruka, na upepo wa vishindo utaitikisa zaidi. Hasara hiyo naimeza. Ya mbavu tano nje ya mwamba itakunyima kaiti yenyewe. Yangu nilimpelekea fundi akaitia kiraka cha rangi nyingine, nikamuuzia jamaa ambaye hatoki ndani kamwe, na mpaka leo anaruka nayo juu kuliko mimi. Kaiti haikuwa mbovu.

Wale vijana wa simu siku hizi nawaambia wasinunue kabla ya kuijaribu hivi: simama maji ya kiunoni, mtu mzoefu akiwa karibu, iweke kaiti ubavuni katikati ya mbingu na maji, kisha uiendee mbio kadiri maji yanavyokuruhusu huku umeachia baa. Itazame.

Juzi mmoja alirudi amelowa. "Imeanguka mara mbili, kaka."

"Basi mwambie apunguze bei, ukarukie ndani."