Wakala wa kura bado ana kazi

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 nchini Kenya, wengi walisema wakala wa chama kituoni hana kazi tena. IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti ya umma, na yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha matokeo ya urais mwenyewe. Ya nini basi kuwalipa maelfu ya watu wakeshe madarasani?

Hoja hiyo ina uzito. Vituo vilikuwa 46,229. Mpe kila wakala shilingi 1,000 tu, kabla ya nauli na chakula, na umeshapita milioni 46. Mgombea huru atazitoa wapi? Kwenye ngome ya mpinzani, chama huokota wakala usiku wa kuamkia uchaguzi, pengine mtu ambaye kura yake mwenyewe iko upande wa pili. Tena kanuni zinasema wakala akikosekana, au akikataa kutia saini, matokeo hayabatiliki kwa hilo peke yake.

Lakini tovuti inaonyesha fomu, haionyeshi kura. Tazama kinachofanyika darasani sanduku likishafunguliwa. Afisa msimamizi anakunjua karatasi, anataja jina la mgombea, anawaonyesha mawakala, kisha anaiweka kwenye fungu lake. Hapo ndipo alama iliyogusa visanduku viwili inapobishaniwa: ihesabiwe au ikataliwe? Wakala akisinzia dakika hiyo, au akiwa nje anatafuta chai, uamuzi unapita kimya. Fomu itapigwa picha ikiwa safi, hesabu zake zikilingana, na anayeisoma simuni hatajua lolote.

Kuna hesabu moja ya mwaka ule ambayo hainitoki. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawe kwa vituo: kura 5 na chembe kwa kila kituo. Kura tano, katika kituo kinachoweza kuandikisha watu hadi 700! Na kura inayohama fungu inapunguza huku na kuongeza kule, kwa hiyo tatu kwa kila kituo zingetosha kubadilisha anayeongoza. Sisemi zilihama; Mahakama ya Upeo ilisikiliza kesi na kuthibitisha matokeo tarehe 5 Septemba. Ila karatasi tatu zinaenea kiganjani, na wa kuzikodolea macho kwa niaba ya mgombea ni wakala wake.

Sheria haikumweka pale awe pambo. Anaweza kudai kura zihesabiwe upya, mradi isizidi mara mbili. Akikataa kutia saini, anatakiwa kueleza sababu. Na anapewa nakala ya fomu. Nakala hiyo ndiyo kipimo cha picha ya tovutini. Ile iliyobandikwa mlangoni mwa kituo ikishachanwa, utalinganisha na nini?

Kwa hiyo tovuti na wakala hawashindani. Mmoja analinda safari ya matokeo, mwingine analinda hesabu yenyewe, na hesabu hutangulia safari. Mawakala wa kuokotwa wapo, ni kweli, lakini hilo ni deni la vyama. Chama kina miaka mitano ya kumtafuta mtu mmoja kwa kila kituo, kumfunza kanuni, na kumlipa kwa wakati, ili saa kumi alfajiri awe bado macho na aweze kumwambia msimamizi, "Naomba turudie."