R ya pili katika kitenzi cha Mafirauni

Waandishi wa hieroglifi, yale maandishi ya picha ya Misri ya kale, hawakuandika irabu. Kwa hiyo kitenzi cha Kimisri cha kale chenye maana ya kutoka au kupanda hutufikia kama p na r tu. Penginepo kimeandikwa pr.f, penginepo prr.f, r ikiwa mbili (hiyo f ni "yeye", mwanamume). R moja tu, lakini imeleta ubishi mrefu.

Alan Gardiner, mtaalamu wa Kimisri cha kale, katika sarufi yake ya 1927, aliichukua kuwa alama ya tendo linaloendelea au kujirudia. Hoja hiyo inaingia akilini haraka. Hata sisi husema chekacheka na pigapiga. Hata hivyo haielezi kwa nini umbo hilo hupenda kukaa mwanzoni mwa sentensi ambazo uzito wake uko kwenye maneno yanayofuata, ya mahali, wakati au namna.

Hapo ndipo alipoingia mwanaisimu Hans Jakob Polotsky mwaka 1944. Alianzia kwenye Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha hiyohiyo, kilichoandikwa hasa kwa herufi za Kigiriki, irabu zikiwemo. Aliona humo maumbo ya kitenzi yanayotumika pale mkazo unapoangukia maneno yanayokifuata kitenzi, akarudi nayo hadi Kimisri cha zamani. Kwa msomo wake, prr.f r pt (r ya katikati ni "kwenda", pt ni "mbingu") ni "mbinguni ndiko anakopanda", si "hupanda mbinguni".

Mswahili hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. "Alifika jana" ni habari. "Jana ndipo alipofika" ni jibu kwa mtu anayejua tayari kwamba mgeni kafika, anataka kujua lini. Na "alipofika", kwa ile -po-, haiwezi tena kusimama peke yake kama taarifa. Hilo ndilo Polotsky alilolisema kuhusu prr.f, na kwa hilo namwamini.

Nisipokubaliana naye ni pale alipofika mwaka 1976, nadharia ilipopanuka hadi vitenzi vingi vikahesabiwa kuwa vimegeuka majina, vivumishi au vielezi. Mtaalamu mwingine wa Kimisri, Mark Collier, alilipinga hilo mwaka 1990: kitenzi kinachofanya kazi ya kielezi bado ni kitenzi. Katika "alikuja akiimba", akiimba inaeleza alivyokuja, lakini ina mtendaji wake na inaweza kubeba yambwa: akiimba kaswida.

Gardiner naye hajashindwa kabisa. Katika maumbo yenye maana ya "yule afanyaye", kurudia konsonanti kweli hutenganisha anayependa, mrr, na aliyependa, mr. Kinachonisumbua zaidi ni sdm, "sikia", kitenzi ambacho sarufi hukitumia kama mfano. Hakirudii konsonanti yoyote. Sdm.f ya mkazo na sdm.f ya kawaida zimechongwa vilevile juu ya jiwe, na anayesoma hulazimika kuamua kwa kuangalia maneno ya kando.