Shemeji, Weka Wavu Chini

Ndugu zangu, kuna watu wakisikia neno "kuhamisha" tu, mikono inaanza kuwawasha. Samaki wangu mpya, gogogo wa madoa, kamaliza karantini ya wiki nne kwenye tangi la lita 60, jioni hii anahamia tangi la lita 300 kwa ndugu zake wa Ziwa Tanganyika. Shughuli ya heshima. Taa zimezimwa, wenyeji wamelishwa wakashiba, mawe yamepangwa upya ili wale wababe wasijue tena mpaka wa nani uko wapi. Nageuka kuchukua ndoo, shemeji kasimama na wavu, suruali kaikunja magotini.

"Shem, weka wavu chini. Huyu hatolewi kwa wavu."

"Shem, mimi nimezaliwa Kigoma. Samaki utanifundisha wewe wa Mbagala?"

Sasa mtu wa Kigoma utamjibu nini? Gogogo anamjua, sikatai, ila anamjua akiwa kwenye kikaango. Gogogo aliye hai ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, miwili ubavuni nyuma ya kichwa, na hiyo ya ubavuni ina meno kama msumeno. Akishtuka anaisimamisha na kuifunga, hailali hata umbembeleze. Ndiyo maana tangini kuna kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, urefu sentimita 15 hivi. Mchana kutwa kajilalia humo. Unaziba ncha mbili kwa viganja, bomba likiwa bado ndani ya maji, unalinyanyua na mwenyewe yumo, unamshusha kwenye ndoo. Basi. Hakuna aliyekimbizwa, hakuna aliyelia.

Shemeji akalikung'uta bomba. Samaki huyo nje, huyo wavuni, miiba yote mitatu juu. Shemeji akamnyanyua hewani kwa ushindi.

"Kriii!"

"Shem, analia! Samaki huyu ana jini!"

"Hana jini! Anasugua shina la mwiba kwenye tundu lake, ndiyo sauti yake! Mrudishe majini!"

Badala ya kumrudisha, mtu wa Kigoma akaanza kumnasua kwa vidole. Jamani! Ukivuta, mwiba unavunjika au nyama inachanika, na samaki huyu hana magamba, ni ngozi tupu. Jeraha likiota ukungu, dawa zenye shaba zenyewe anazivumilia kwa shida. Unamshikilia ndani ya maji, unachukua mkasi mdogo, unakata uzi mmoja mmoja kuuzunguka mwiba. Wavu ufe, samaki apone. Nikaita mkasi. Mama watoto kutoka chumbani: "Siyo ule wangu wa kushonea!" Kabla hatujaelewana, shemeji: "Mamaaa!" Kachomwa kidole gumba.

Sasa nina wagonjwa wawili, na anayejua kutulia ni samaki. Mchomo wa gogogo unatulizwa kwa maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuyavumilia, basi maji ya chai yakaenda kwa shemeji. Chai ndiyo ikafia hapo.

Haya, dripu, yaani kumzoesha maji ya tangi kubwa tone kwa tone. Joto ni lilelile, nyuzi 25 pande zote, ila tangi dogo lina pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.4 na kubwa 8.4 kwa ajili ya mawe ya chokaa. Unanunua mpira wa dripu duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kubana, unaotoa matone 20 kwa mililita. Ndoo ina lita moja, jiwe la hewa limo, juu imefunikwa. Matone matatu kwa sekunde ni kama nusu lita kwa saa, kwa hiyo baada ya saa mbili hivi maji yamekuwa maradufu. Kisha anahama na bomba lake, na maji ya ndoo yanamwagwa nje, hayaingii tangini na masalia ya dawa. Shemeji anauliza kwa nini tusimmimine tu.

Jirani naye kapita: "Huyo si ndiye wa kula kinyesi cha wenzake?" Hali kinyesi cha mtu! Anakula punje zinazozama na konokono wadogo, tena usiku, kwa sababu mchana wale wa juu hawamwachii kitu.

Mgeni mwingine kauliza kama analiwa. Nimenyamaza.

Na muuzaji! Madukani gogogo wote wa madoa ni "wale wale, bosi". Wale wale wapi? Kuna mmoja wa ziwa hilohilo, Synodontis multipunctatus, anayepenyeza mayai yake kwa samaki wanaolea mayai mdomoni. Mama wa watu anayaokota pamoja na yake, vitoto vya gogogo vinaanguliwa mapema, vinakula watoto wa mwenye mdomo humohumo mdomoni, vinanenepa. Nikamsimulia shemeji. Akauliza usiku tunakula nini.

Halafu umeme ukakatika. Kichujio kimya, na bakteria wa kwenye sponji yake, wale wanaosafisha maji, bila maji kupita wanaanza kufa kwa kukosa hewa. Pampu ya betri inasaidia samaki. Sponji unaitoa kwenye kopo la kichujio lililofungwa na kuiachia ielee tangini. Usiku ukiwa mrefu unachota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, kila baada ya muda, mkono ukichoka unabadilisha mkono. Jirani ana jenereta. Ila jirani mwenyewe ndiye yule wa kinyesi, na mdomo wangu leo hauna adabu ya kumwomba.